Inua Kidevu

Ambrose Gaither hakuweza kupiga picha ya mtu bila kuupata uso wake. Huo ndio uliokuwa ufundi wake, na ndio uliotuponza.

Nasema hivi mimi Dessie Rucker, niliyekuwa na saluni mlango wa pili na studio yake, Mtaa wa Depo, hapa Tillery, Alabama. Ukuta mmoja tu ndio uliotutenganisha. Yeye alivuta moshi wa nywele ninazozinyoosha kwa kitana cha moto, mimi nikavuta dawa zake za kusafishia picha, na kila mmoja alidai kwamba mwenzake ndiye atakayemwua. Alikuwa mfupi, mjane, miwani yake imefungwa kwa uzi wa kiatu, na mbishi hakuna mfano. Ukimwambia leo jua kali, anakwambia la jana lilikuwa kali zaidi, na wewe ulikuwa ndani umelala. Lakini hapakuwa na mtu mweusi katika wilaya ile ambaye hakupita mbele ya kamera yake. Ukisoma, yeye. Ukibatizwa, yeye. Ukiolewa, yeye. Na ukifa, ukishavalishwa na kulazwa katika jeneza lako, anaitwa yeye aje akupige picha, ili jamaa walioko Chicago na Detroit wasioweza kuja mazikoni watumiwe kwa posta wakuone ulivyopendeza. Wako watu waliopigwa picha mara mbili tu maishani mwao, shuleni na jenezani.

Kwa walio hai alikuwa na neno moja. "Inua kidevu." Mtoto akiinamisha kichwa, Ambrose anaondoka nyuma ya kamera, anamjia, anamtazama. "Inua kidevu, kwani umeiba nini?" Nilikaa kwenye kile kigoda chake nikiwa na miaka kumi, viatu vinanibana, na hakuniachia mpaka shingo iliponyooka. Tulifunzwa hivyo wote, mwaka baada ya mwaka, hadi ikawa mtu akiiona kamera ya Ambrose shingo inanyooka yenyewe.

Sasa njoo kwenye mwaka wa sitini na nne, tulipoamua kuandamana mpaka mahakamani kudai tuandikishwe kupiga kura. Tulichagua Alhamisi kwa sababu Alhamisi mchana ndiyo siku ambayo wapishi na walezi wa nyumba za Wazungu hupewa ruhusa. Mchungaji alimwomba Ambrose apige picha, zipelekwe kwenye magazeti ya Kaskazini, tukipigwa pawe na ushahidi. Sisi wengine alituonya: kofia zishuke, macho chini, maana polisi nao wana mtu wao wa kamera, na mwalimu au mpishi atakayejulikana uso wake, kesho hana kazi. Mimi na mwenye duka la majeneza na kinyozi hatukuwa na Mzungu wa kutufukuza, kwa hiyo tuliwekwa mbele.

Siku mbili kabla yake saluni yangu ilijaa wanawake na kelele. Mmoja tu ndiye aliyekataa kuandamana, naye ni Bebi. Jina hilo alipewa siku aliyozaliwa kwa kuwa alikuwa kitinda mimba, na ingawa sasa alikuwa mwanamke wa karibu miaka arobaini, mnene, mweusi tititi, mwenye mwanya unaoweza kupitisha njiti ya kiberiti, hatukuwa na jina jingine la kumwita. Alikuwa mpishi kwa Bibi Lathrop, mke wa meneja wa benki, tangu akiwa msichana.

"Bebi, na wewe utakuja?" nikamwuliza, makusudi.

"Niende wapi? Jino linaniuma."

"Jino lako kila likisikia maandamano linauma!" akasema mmoja chini ya mashine ya kukaushia nywele, na wengine wakaangua kicheko.

"Chekeni tu. Mimi nina watoto watatu hawana baba. Kura hailiwi na kachumbari."

"Utafia kwenye jiko la yule mama."

"Afadhali nifie jikoni kwenye moto kuliko nyumbani kwenye baridi. Dessie, angalia sikio langu, unaniunguza!"

Alikuwa mwoga na hakuona haya kuusema woga wake. Mimi nilimdharau kwa hilo, sifichi. Maandamano yakipita yeye huvuka upande wa pili wa barabara, akajifanya anatazama viatu dirishani.

Alhamisi ikafika. Tulitoka kanisani Bethel wawili wawili, tumevaa nguo zetu za Jumapili, glavu na kofia, macho kwenye lami. Yule polisi wa kamera alikuwa amesimama juu ya kibao cha kupandia gari anapiga na kupiga, na alichokipata ni kofia. Nilikuwa nacheka moyoni. Ndipo Ambrose akajitokeza katikati ya barabara mbele yetu, kamera kubwa shingoni, binti yake Lorene nyuma yake amebeba mkoba wa filamu. Lorene alikuwa na miaka kumi na tisa, mtoto wake wa pekee, amerudi likizo kutoka chuo cha ualimu. Ambrose akaweka jicho kwenye kamera. Na bila kufikiri, kwa mazoea ya miaka arobaini, akapaza sauti:

"Inua kidevu!"

Tukainua. Mungu wangu, mstari mzima! Walimu, wapishi, wakulima wa kukodi, vikongwe waliokuwa wamejifunika mitandio hadi puani, wote shingo juu, macho kwenye kamera, wametulia kabisa, tena wengine na tabasamu. Mchungaji akageuka akapiga kelele, lakini maji yalikwisha kumwagika. Ambrose alikuwa amekwisha kupiga, akasogea, akapiga tena, kila mtu kwa zamu yake.

Virungu vilipoanza, Ambrose alimkabidhi Lorene filamu akamwambia akimbie. Hakufika mbali. Walimkamata nyuma ya ghala la pamba, wakachukua mkoba, wakamchukua na yeye.

Mkuu wa polisi wa wilaya, cheo ambacho kwetu hupigiwa kura, alikuwa mtu aitwaye Haskew, mwenye sauti ya upole, na ule upole ndio tuliouogopa. Filamu alisafishiwa kwenye ofisi ya gazeti la Wazungu. Kesho yake asubuhi akaita mabibi wa mjini waje wawatambue watumishi wao. Hapo ndipo utakapocheka ukitaka kucheka. Walizitazama picha, nyuso zimekaa wazi mbele yao, na hawakumtambua hata mmoja. Walituzoea tukiwa na aproni na kichwa kimeinama. Mtu amekupikia miaka kumi, amekuogeshea watoto, lakini mvishe kofia ya Jumapili na umwinue kidevu, humjui. Walimu ndio kabisa, mkubwa wa shule zetu alikuwa Mzungu asiyekanyaga shule zetu. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Kwa hiyo Haskew akamtuma askari Mtaa wa Depo kumchukua aliyezipiga.

Haya yafuatayo aliniambia Ambrose mwenyewe. Walimweka kwenye chumba kisicho na dirisha, taa moja, meza moja, na juu ya meza picha zake zote zimetandazwa. Alisema kitu cha kwanza alichokiona kinamtia aibu mpaka leo. Aliona kwamba zilikuwa picha nzuri kuliko zote alizowahi kupiga.

"Kazi safi, boi," Haskew akamwambia. Boi! Mtu wa miaka sitini. "Mpiga picha wangu ameniletea kofia, wewe umeniletea watu. Sasa niambie majina yao, jamaa hapa anaandika nyuma ya kila picha."

"Siwajui wote, bwana."

"Wewe? Wewe umewapiga picha tangu hawana meno. Sikiliza. Binti yako yuko mlango wa tatu hapo. Kesho asubuhi kuna gari linakwenda shamba la wafungwa. Anaweza kupanda hilo gari, au anaweza kwenda nyumbani na wewe leo. Mimi kwangu yote sawa."

Tulilijua lile shamba, na tulijua yanayowapata wasichana kule. Ambrose alisema alisikia mtu akikohoa upande wa pili wa ukuta na akajua ni Lorene, maana kikohozi chake ni cha mama yake. Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Akinyamaza, anampoteza mtoto. Akisema, nyumba arobaini zinazima moto jikoni. Na kila uso pale mezani ulikuwa unamtazama yeye, kidevu juu, kama alivyowataka.

Haskew akaisukuma picha ya kwanza. Ilikuwa ya Miss Eulalie Spann, mwalimu, mwembamba mrefu, maji ya kunde, mwenye miwani na shingo ya korongo. Mwalimu wa Lorene mwenyewe.

"Huyu nani?"

Ambrose alimtazama Miss Spann. Kitu katika ule utulivu wa uso wake kikamkumbusha bibi mmoja aliyempiga picha zamani, amelala kwenye jeneza la kijivu na ua mkononi, na kabla hajajua anafanya nini ulimi ukasema:

"Arzula Binford."

Askari akaandika. Hakuna kilichotokea, paa halikuanguka. Haskew akasukuma picha ya pili.

"Na huyu?"

"Elijah Tubbs."

Basi akaendelea. Alipita makaburini Bethel mstari kwa mstari, akamwamsha kila aliyewahi kumpiga picha amelala, akampa uso wa mtu aliye hai. Alisema alikuwa anatetemeka, na Haskew aliona anatetemeka kwa uchungu wa kuwasaliti watu wake, akaridhika sana.

Jioni tulimwona anatoka na Lorene amemshika mkono. Msichana alikuwa na jicho limevimba na hakumtazama mtu. Ambrose naye alipita mbele ya saluni yangu bila salamu, akaingia studio, akafunga mlango.

"Katuuza," akasema mwanamke aliyekuwa kwenye kiti changu.

"Usiseme hivyo."

"Wewe ungesemaje? Watu wanatoka mle ndani bure, siku hizi?"

Siku ile na iliyofuata hakuna aliyegonga mlango wake. Miss Spann alifunga masanduku yake kabisa, akakaa juu yake, anangoja kufukuzwa. Nilikaa upande wangu wa ukuta, nikamsikia Ambrose upande wake anatembea huku na huku, na sikwenda. Kumbe hata yeye hakuthubutu kusema. Angemwambia mtu mmoja, angeambiwa wa pili, na mji wetu mdomo wake haukuwa na mlango. Njia ya mwongo ni fupi, naye alijua yake ina urefu wa siku ngapi.

Jumapili gazeti likatoka. Walikuwa na desturi ya kuchapa majina ya waandamanaji ili matajiri wao wajue la kufanya. Majina tu, bila picha. Baada ya ibada tukasongamana saluni kwangu, mimi nikalisoma kwa sauti.

"Elijah Tubbs," nikasoma.

Mwanamke mmoja akasogea kulichungulia gazeti.

"Elijah Tubbs yupi?"

"Kwani kuna wangapi? Aliyekatwa mguu kwenye kiwanda cha mbao."

"Yule si alikufa kabla ya vita?"

"Basi kaandamana!" akasema mzee mmoja mlangoni. "Na mguu wake mmoja! Na nyie wenye miwili mlichelewa!"

Nikasoma la pili, la tatu. Shemasi Pruitt, aliyezikwa na filimbi yake. Mama Odom, aliyemfukuza kila mchungaji aliyewahi kuletwa Bethel. Kila jina lilipokelewa kwa vigelegele. Watu walilia kwa kucheka, Miss Spann akaketi sakafuni na nguo zake za kanisani, na mtu akaenda kugonga ukuta wa Ambrose, "Toka huko, mchawi wewe, umefufua wafu!" Akaja, akasimama mlangoni pangu na Lorene nyuma yake, na kwa mara ya kwanza nilimwona hana ubishi wowote usoni.

"Arzula Binford," nikasoma, na watu wakacheka tena.

"Arzula Binford ni mimi."

Aliyesema hivyo alikuwa Bebi. Alikuwa amesimama pembeni, kiganja kwenye shavu la jino.

"Wewe ni Bebi," nikamwambia, kijinga.

"Mimi ni Bebi kwenu. Nilipewa jina la bibi yangu, ni somo wangu. Nilipoandikwa kazi, Bibi Lathrop alisema hawezi kumwita mtu mzima Bebi nyumbani kwake, akataka jina la ubatizo. Miaka ishirini ananiita Arzula. Yeye peke yake ndiye anayeniita hivyo." Akamgeukia Ambrose. "Bwana Gaither, wewe ulikuwepo nilipobatizwa. Nikiwa na kofia ya lesi. Unayo picha."

Sisi sote tulikuwa tumelisahau jina lile. Bibi Lathrop hakuwa amelisahau, naye hulisoma gazeti lile.

"Alhamisi nilikuwa kitandani," Bebi akasema. "Na jino. Hakuna aliyeniona."

"Utamwambia ukweli," Ambrose akasema hatimaye. "Mwambie Bibi Lathrop kwamba wa gazetini ni bibi yako, kafa zamani, kaburi lipo. Hukosi kazi kwa ajili yangu."

"Nikimwambia hivyo?"

"Mimi nitajua la kufanya."

Hakuna aliyemwamini, hata yeye. Bibi Lathrop angepiga simu, Haskew angewatuma watu makaburini na gazeti mkononi, na Lorene angekuwa kwenye gari la shamba kabla ya chakula cha mchana. Kisha wangerudi na zile picha, na safari hii wangempiga mpaka aseme majina ya walio hai. Bebi aliyajua yote hayo. Alimtazama Lorene na lile jicho lake. Kisha akachukua kofia yake akatoka, hakusema ndiyo wala hapana, na kicheko chote kikawa kimetuishia.

Jumatatu asubuhi Ambrose alikuja kukaa saluni kwangu, kwenye kiti chini ya mashine ya nywele, mikono magotini. Nilimwambia amtoroshe binti. Akanikumbusha kwamba kituo cha basi kinatazamana na mlango wa Haskew, na kwamba gari lake halifiki hata mji wa Selma. Nikamwambia aende akalale. Akasema amelala. Nikamwambia mwongo. Akanyamaza, na hapo ndipo nilipoogopa kweli, maana sijawahi kumwona Ambrose akimwachia mtu neno la mwisho.

Bebi akaja kabla ya saa sita. Kwapani alikuwa na aproni yake, imekunjwa.

"Nipe maji, Dessie."

Akanywa yote. Akafuta mdomo.

"Nilikuwa nakoroga uji wa mahindi," akasema. "Akaja jikoni na gazeti. 'Arzula, ni wewe huyu?' Mwiko uko mkononi, namtazama. Nikafikiri, nikisema hapana huyu atapiga simu kabla uji haujashika. Nikasema, 'Ndiyo, mama. Nilikuwepo.'"

Akaiweka gilasi mezani.

"Akalia! Analia yeye! Ananifukuza huku analia, namshikia mimi kitambaa. Halafu nikiwa mlangoni ananiambia, 'Arzula, niachie basi maelekezo ya pai yako ya viazi vitamu.'"

"Usiniambie umempa!"

"Nimempa. Nimemwambia chumvi vijiko vinne, vya kulia."

Nilicheka peke yangu. Ambrose alikuwa amesimama, anakuja kwake na mikono miwili mbele.

"Bebi, mimi sina cha..."

"Usinishukuru, Ambrose Gaither. Kaa mbali na mimi. Nimekukasirikia mpaka tumbo linaniuma. Nimekaa nyumbani kwa woga wangu, sikumsumbua mtu, na nimefukuzwa kuliko nyie wote mliotembea."

Akatoka. Aproni aliiacha kwenye kiti changu na sikujua niifanye nini.

Ndiyo yake hiyo moja ndiyo iliyotuokoa. Haskew alitafuta majina yote, akampata Arzula Binford mmoja, naye amekiri kwa Bibi Lathrop. Basi orodha ni ya kweli, akasema, hao wengine wamekimbilia Detroit. Miss Spann akafungua masanduku yake. Lakini kwa Ambrose hakukufunguka kitu. Haskew alimwita tena, akampongeza, akamwonyesha mashtaka ya Lorene, bado yako mezani, hayajachanwa.

"Mkiandamana tena utanipigia mimi picha," akamwambia. "Nyuso, boi, kama zile. Nitakaa na haya makaratasi mpaka nizione."

Alitueleza hivyo mwenyewe kanisani, mbele ya watu wote, kofia mkononi. Mchungaji akasema basi, kila mtu anajua la kufanya.

Kwa hiyo Alhamisi iliyofuata tulitoka Bethel wawili wawili, na Ambrose akasimama katikati ya barabara kama mara ya kwanza, na askari wawili nyuma yake. Akainua kamera. Sisi tukainamisha vichwa. Mstari mzima, kofia juu ya kofia. Tulifanya kwa kumpenda, tulifanya ili asiwe na cha kupeleka, lakini mimi niliyekuwa mbele niliuona uso wake. Tangu aanze kazi ile hakuna uso uliowahi kumkimbia. Midomo yake ilianza kulisema lile neno, akaona, akalimeza. Akapiga kofia. Akasogea, akapiga kofia nyingine.

"Pisheni," nikasikia nyuma.

Alikuwa Bebi, amevaa kofia ya manyoya ya bata mzinga ambayo aliivaa siku ya kumzika mama yake. Akatupita sote akasimama mbele ya kamera, hatua chache tu kutoka kwake. Akainua kidevu.

"Piga."

"Bebi, toka," Ambrose akasema kwa sauti ya chini. "Hii napeleka kwake."

"Najua unakopeleka. Adhabu nimeshakula, Bwana Gaither. Leo nakuja kufanya kosa. Piga, mkono wa kamera unacheza, utaniharibu sura."

Akapiga. Kisha Bebi akaingia mstarini karibu yangu, akanishika mkono akauminya mpaka glavu ikapasuka, na tukaendelea hadi ngazi za mahakama, ambako walitungoja kwa virungu kama kawaida yao.

Haskew aliitazama ile filamu kofia kwa kofia, mpaka alipofika kwenye uso mmoja.

"Huyu?"

"Arzula Binford."

Lilikuwa jina la kweli pekee ambalo Ambrose alipata kumpa. Haskew akatafuta kwenye droo yake, akaitoa picha ya kwanza yenye jina hilo nyuma. Akaziweka bega kwa bega. Miss Spann, mwembamba, maji ya kunde, miwani, shingo ya korongo. Na Bebi wetu, mnene, mweusi tititi, na mwanya wake. Ambrose aliniambia moyo ulisimama. Haskew akatazama hii, akatazama ile, akazirudisha kwenye droo.

"Ndiye," akasema. "King'ang'anizi huyu mwanamke."

Mashtaka hakuyachana. Hakuyachana mpaka aliposhindwa uchaguzi miaka kadhaa baadaye, na muda wote huo Ambrose hakusafiri, wala Lorene hakurudi chuoni. Alijifunza kazi ya baba yake nyuma ya ukuta wangu. Bebi hakupata jiko jingine mjini kwetu. Aliuza pai mlangoni pangu, na kila Jumamosi Ambrose alinunua moja na kila Jumamosi alisema ya wiki iliyopita ilikuwa tamu zaidi. Bebi alimjibu kwa neno moja au mawili. Hasira yake ilichukua muda mrefu kupoa, na haikuwa juu yangu kumharakisha.

Bebi alikufa mwezi wa pili mwaka huu, kwa kisukari, Ambrose akiwa amebakiwa na jicho moja linaloona. Lorene alitaka kupiga yeye, mzee akakataa. Tukaenda naye. Mwenye duka la majeneza alikuwa amemlaza Bebi kama wanavyolazwa wote, kichwa kimezama kwenye mto, kidevu kimegusa kifua. Ambrose aliangalia kwenye kamera, akaiacha. Akaomba mto mwingine mdogo. Akauingiza mwenyewe chini ya shingo yake, taratibu, anausukuma na kuupunguza, mpaka Lorene aliyeshika taa mkono ukamchoka. Kisha akafanya jambo ambalo sijawahi kumwona akimfanyia maiti.

"Inua kidevu, Arzula," akasema, na akapiga.